Sahani Uliyokuwa Unanijazia

Garland, Texas
Novemba 2018

Kaka yangu Deo,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta karakana, mikono ikiwa na vumbi la mbao, na kwamba utaifuta kwanza kwenye suruali ndipo ufungue bahasha. Goti linaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye kenchi la lile paa la shule? Wifi Yustina aliniambia umeanza kupanda ngazi tena, nikamwambia akufiche viatu. Yeye mwenyewe hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kulala upande wa ukutani? Waambie shangazi yao anawaulizia kila siku, hata siku ambazo hapigi simu.

Mimi ni mzima. Safari hii nikisema ni mzima nasema kweli, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Kuna ndugu mmoja wa hapa anasafiri kwenda Kigoma wiki ijayo, amekubali kunibebea. Kwenye simu nisingeweza. Ningeanza tu, ungenikatiza kwa maswali, mimi ningelia, mtandao ungekata, na wewe ungebaki na wasiwasi usio na kichwa wala miguu. Kwa hiyo nisome mpaka mwisho, Kaka, ndipo ukasirike kama utataka.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikudanganya. Kila uliponiuliza ninakula nini, nilikutumia picha. Ile ya kuku wa kuokwa na wali wa njano niliipiga kwenye sherehe ya ubatizo ya watu nisiowajua vizuri. Ile ya samaki na saladi ilikuwa sahani ya msichana ninayesoma naye. Nilimwomba aisogeze kwenye mwanga, nikapiga, yeye akaendelea kula. Wewe ukajibu, "Safi sana, mdogo wangu, kula vizuri usome." Nami nilikuwa nimekaa kitandani na kikombe cha tambi za pakiti, zile za kumwagia maji ya moto, nikasoma maneno yako mara mbili mpaka tambi zikapoa.

Sikuwa nakosa chakula. Hilo nataka ulielewe. Duka liko ng'ambo ya barabara na lina kila kitu. Nilikuwa sijui kukipika.

Nilipofika na kupangiwa nyumba moja na Wambui, yule Mkenya wa Nyeri niliyekuambia anasomea uuguzi, alinipokea mlangoni kwa kunikumbatia. "Haiya! Nimepata Mtanzania! Sasa mimi nitakula pilau mpaka nichoke."

"Sijui kupika pilau," nikamwambia.

"Sawa tu. Hata wali."

"Wali pia sijui."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa sijui kufunga vifungo vya shati. "Wacha mchezo. Kwani kwenu nani alikuwa anapika?"

Kaka, hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Nilisema, "Tulikuwa na dada wa kazi." Nilikufanya wewe kuwa dada wa kazi, kwa sababu niliona aibu kusema kwamba kaka yangu ndiye aliyekuwa anashika mwiko. Nilikumbuka jinsi wanawake wa pale kwetu walivyokuwa wakikucheka bombani, ulipokuwa ukiosha mchicha pamoja nao, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minane tu. Naomba unisamehe. Ningeweza kuliacha jambo hili, usingelijua kamwe, lakini sitaki libaki.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza jikoni? Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi, nikadhani sasa jiko ni langu. Nilikuja nikachuchumaa karibu na mafiga, wewe ukaninyang'anya mwiko. "Toka. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii aliyeacha shule, na ni mimi. Nenda kasome." Kila nilipojaribu tena, ilikuwa hivyo hivyo. Nikazoea. Nikafika chuo Marekani nikiwa najua kusawazisha milinganyo ya kemia, na sijui chumvi inatiwa lini.

Basi nikaishi kwa tambi, mkate wa siagi ya karanga, soda, na vile vitafunio vya kwenye mashine pale chuoni. Wambui alikuwa na zamu wikendi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na siku za masomo alikuwa anakula hukohuko chuoni. Hakuna aliyeniona. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa napanda ngazi za maktaba ninakofanya kazi huku nashika ukuta. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne, na sikuwa nakumbuka hata mstari. Nikajiambia ni baridi. Baadaye nikajiambia labda mimi si wa kiwango cha hapa, walinichagua kwa makosa.

Mwezi wa tatu tulikuwa na mtihani wa vitendo maabara. Nilikuwa nimesimama mezani kwangu, nimeshika trei ya vioo vyenye sampuli, nikasikia masikio yanavuma. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala sakafuni, mwalimu amenikunjia koti lake chini ya kichwa, na vioo vyote vimesagika. Kitu cha kwanza nilichosema kilikuwa "samahani," tena kwa Kiswahili. Walikuwa wamenizunguka, hakuna aliyeelewa.

Kwenye zahanati ya chuo kulikuwa na muuguzi mmoja mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alinitoa damu, akanipa maji ya matunda, kisha akaniwekea karatasi mbele. "Andika kila ulichokula tangu Jumatatu." Ilikuwa Alhamisi. Nikaandika. Tambi. Mkate. Biskuti. Tambi. Soda. Chipsi za mashine. Tambi. Alisoma, halafu akaigeuza karatasi aone kama kuna kitu kimeandikwa nyuma. Hakukuwa na kitu.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Alinieleza kwamba damu yangu imepungua sana, ndiyo maana nazimia, ndiyo maana kichwa hakishiki masomo. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. "Hivi vitakusaidia kusimama," akasema, "lakini huwezi kuishi kwa vidonge. Inabidi ule." Kisha akanipa karatasi yenye picha ya sahani iliyogawanywa kwa mistari. Nusu nzima mboga na matunda. Robo wanga, kama wali au viazi. Robo iliyobaki nyama, samaki, mayai au maharage. "Ukijaza sahani yako hivi mara mbili kwa siku, baada ya miezi miwili utakuwa mtu mwingine."

Mwalimu naye aliniita. Alisema atanipa nafasi ya kurudia mtihani kabla muhula haujaisha, mara moja tu. Nikifeli, nalirudia somo zima, na wewe unajua masharti ya ufadhili wangu: nikirudia somo, narudi nyumbani. Nilitoka ofisini kwake nikakaa kwenye benchi nje nikiwa na ile picha ya sahani mapajani. Nikawaza nitakavyoshuka Kigoma na begi, wewe umenisubiri stendi, na utakuwa unatabasamu ili nisijisikie vibaya. Hilo tabasamu ndilo lililonitisha.

Nikaamua kupika. Unaweza kuanza kucheka sasa.

Jumamosi iliyofuata nilinunua kuku mzima. Nilisoma kwenye simu kwamba kuku anawekwa kwenye oveni na kuachwa. Nikamweka, nikamwacha. Hakuna aliyeniambia kwamba ile trei anayouzwa nayo na zile nailoni zinatolewa kwanza. Baada ya muda mfupi nyumba ilijaa moshi mweusi, king'ora kikaanza kulia, kwetu kwanza, kisha jengo zima. Watu wakatoka wote wakasimama kwenye nyasi mchana kweupe. Kulikuwa na mzee na mbwa wake. Kulikuwa na mama mwenye mtoto aliyefungwa taulo, bado ana povu la sabuni kichwani. Zimamoto wakaja na gari lao kubwa. Mmoja wao akatoka na kitu cheusi amekishika kwa koleo, akauliza kwa sauti, "Hiki ni chakula cha nani?" Nikainua mkono kama niko darasani.

Wambui alifika kutoka kazini akanikuta jikoni nafuta kuta. Alikuwa ameshaambiwa na majirani. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona uso wangu, akainuka. Nikamwonyesha ile karatasi ya zahanati. Nikamweleza yote.

"Mbona hukuniambia?" akasema. "Mimi nasomea uuguzi, Stazia. Nalala ukuta mmoja na mgonjwa na sijui."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekupikia."

Lakini Wambui mwenyewe, Kaka, kwa kupika si hodari. Anajua ugali, sukuma na mayai, basi. Mayai alinifundisha siku hiyohiyo, na ninamshukuru, kwa maana kwa wiki mbili yalikuwa ndiyo robo yangu ya sahani.

Sasa nikuambie jinsi nilivyokutana na Mama Perpetua.

Jumapili moja kwa mwezi kuna misa ya Kiswahili kwenye parokia moja Dallas. Wengi wanaokuja ni Warundi na Wakongo, wanaimba mpaka madirisha yanatetemeka. Wakati wa kupeana amani nilimgeukia mama aliyekaa pembeni yangu, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikamwambia "Amahoro," kama tunavyosema nyumbani. Alinishika mkono akagoma kuuachia. Padri akaendelea na misa, mkono wangu bado uko kwake.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Wewe ni Mrundi wa wapi?"

"Si Mrundi, Mama. Mimi ni Muha. Wa Kasulu."

"Kasulu!" Watu wote wakageuka. "Yezu wangu! Mimi nimekaa kambini kule miaka kumi na miwili! Binti yangu nimemzalia kule! Nimebeba kuni za kwenu mpaka utosi ukaingia ndani, shika hapa, shika." Nikashika utosi wake mbele ya kanisa. Kisha akanirudisha nyuma hatua moja anitazame vizuri. "Lakini wewe mbona umekonda hivi? Mimi nawajua watu wa Kasulu. Hawakondi namna hii."

Akaniambia Jumamosi niende kwake. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Mama Perpetua ana miaka hamsini na kitu. Anafanya kazi ghalani, anafunga maboksi amesimama kutwa nzima. Mume wake alifia kambini. Binti yake, Odeta, ameolewa na anaishi Sugar Land, kule upande wa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Nyumba yake ni vyumba viwili, na jikoni kuna harufu ya mawese, Kaka, mawese yenyewe, ya kwetu. Nilipofungua mlango nikasimama. Ningeweza kulia hapohapo.

Akanipa kitunguu na kisu. "Nikatie hicho wakati naosha mboga." Alipogeuka akanikuta nakitazama. "Ewe mwana, umeshika kisu kama kalamu," akasema, akaanza kucheka. "Mama yako hakukufundisha?"

"Mama alifariki nikiwa na miaka kumi."

Kicheko kikapungua. "Pole, mwanangu. Sasa nani alikuwa anakupikia?"

Niliitazama meza. Nikakumbuka nilichomwambia Wambui. Safari hii nikasema, "Kaka yangu."

"Kaka? Mwanamume?"

"Ndiyo. Aliacha shule, akawa anafanya kazi ya useremala, anarudi anapika. Alinikataza nisishike chochote. Alisema kazi yangu ni kusoma."

Mama Perpetua alifunga bomba. Akajifuta mikono, akaja akakaa mbele yangu. "Alikuwa anawapikia nini?"

"Vya kawaida tu."

"Nitajie."

Nikamtajia. Maharage na ugali wa muhogo, na pembeni lazima mchicha. Dagaa wa nyanya na vitunguu vingi. Kisamvu cha karanga. Siku ya gulio, samaki wa ziwani, migebuka. Parachichi kila zilipokuwa msimu, kwa sababu ulikuwa unasema kichwa kinachosoma kinahitaji mafuta. Ndizi mbivu jioni. Chungwa moja tuligawana. Na jinsi ulivyokuwa ukinichotea mboga kwanza, unazirundika upande mmoja mpaka zinafunika nusu ya sahani, mimi nikilalamika kwamba ugali ni mdogo, nawe ukisema, "Maliza hizo kwanza, ugali hauendi popote."

Nilikuwa nimemwonyesha ile karatasi ya zahanati nilipofika. Ilikuwa pale mezani. Akaivuta, akaweka kidole kwenye ile nusu ya mboga. "Hizi hapa mchicha na kisamvu chake." Akahamisha kidole. "Hapa maharage, hapa dagaa. Hapa ugali." Akaniangalia. "Mwanangu, huyu muuguzi hakukupa kitu kipya. Kaka yako alikujazia sahani hii kila siku ya Mungu, na shule alikuwa ameacha."

Kaka, sijui nikuelezeje. Miaka yote ile nilidhani tunakula hivyo kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Sikujua kwamba ulikuwa unachagua. Nilikaa kwenye jiko la mtu nisiyemjua sana nikalia, na yeye hakuninyamazisha. Aliniacha, akakata kitunguu mwenyewe. Nilipomaliza akanipa kingine. "Haya. Hiki ni chako."

Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa kwake. Nilijikata mara mbili. Niliunguza maharage mara moja, na wali sikumbuki mara ngapi. Ulikuwa chini makaa, juu mchele. Yeye hana vipimo. Ukimuuliza maji kiasi gani, anakuonyesha kidole. Ukimuuliza maharage yachemke mpaka lini, anasema mpaka yaive. Mimi mtu wa maabara nilikuwa na daftari na kalamu, naandika "kidole, fundo la kwanza," naye ananipita nyuma akitikisa kichwa.

Nilijifunza kuloweka maharage Jumamosi, kuyachemsha Jumapili sufuria nzima, kisha kuyagawa kwenye vikopo na kuyagandisha kwenye friza, ili siku za masomo niwe nachukua kikopo kimoja tu. Kuna maduka ya Wavietinamu hapa Garland yanauza mchicha, Kaka, mchicha kabisa, ingawa wenyewe wanauita jina lingine. Ukikosekana, Mama Perpetua ananunua mboga zilizogandishwa za mfuko. Nilishangaa. "Ni mboga," akasema. "Zimesafiri tu kwa baridi, kama wewe." Dagaa wapo kwenye duka la Waafrika. Viazi vitamu vipo kila mahali, na ukivichoma toboa kwanza kwa uma. Muuguzi naye aliniambia nisinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu inazuia nguvu ya maharage kuingia kwenye damu, na kwamba niyakamulie limau. Mama Perpetua aliposikia habari ya chai aliguna, lakini nimeona siku hizi anangoja chakula kishuke kwanza.

Katikati ya mwezi wa tano nilirudia mtihani. Asubuhi yake nilikula mayai mawili, ndizi na kiazi kitamu. Sikupata alama za kwanza darasani, usiwatangazie watu, lakini nilifaulu vizuri, na mwalimu alipokuwa anaandika alama akasema, "Leo tumekupata wewe mwenyewe." Damu waliponipima tena ilikuwa imepanda. Yule muuguzi aliomba nimwandikie tena nilichokula wiki ile. Karatasi ikajaa pande zote mbili.

Ningeweza kuishia hapo, lakini jambo ninalotaka hasa ulijue lilitokea mwezi wa tisa.

Mama Perpetua aliteleza kwenye sakafu yenye maji akiwa anatoka dukani, akavunjika mkono wa kulia. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Odeta alikuja kutoka Houston siku tatu, akalazimika kurudi kwa watoto wake na kazi. Nilimkuta Mama Perpetua amekaa kwenye kochi, mkono umefungwa, televisheni inaongea peke yake. Majirani walimletea vyakula vya maboksi. Viko mezani vyote, havijafunguliwa.

"Mama, hujala?"

"Sina hamu."

"Tangu lini?"

Alikuwa anaogopa, Kaka. Alikuwa na hofu kwamba ghalani hawatamsubiri, na mkono ukipona vibaya ataishia kuwa mzigo kwa binti yake. Aliniambia hayo kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yeye ambaye akiongea kanisani watu wanageuka.

Niliingia jikoni kwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama pale bila yeye nyuma yangu. Friza ilikuwa na maharage niliyoyachemsha mwenyewe wiki iliyotangulia. Kulikuwa na ndizi mbichi, kulikuwa na mchicha ulioanza kunyauka. Nikakumbuka aliwahi kunisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akichanganya maharage na ndizi kwa mawese kule Burundi, kabla hawajakimbia. Hakuwahi kunifundisha hicho. Nikampigia Odeta simu, akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba yeye hajui ila anakumbuka harufu yake tangu kambini, na kwamba vitunguu vilikuwa vinaachwa mpaka vinakuwa kahawia. Basi nikafuata harufu ya kusimuliwa. Nilimenya ndizi, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Nilionja chumvi mara tano. Mchicha nikauweka pembeni, mwingi, nusu ya sahani.

Nikampelekea. Nikakaa chini mbele yake.

Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya. Akala kijiko kimoja. Akala kingine. Hakusema chumvi imezidi, hakusema imepungua. Alikula mpaka akafika katikati ya sahani, ndipo akaweka kijiko chini, nikaona machozi yanamtiririka hadi kwenye kile kitambaa kilichofunga mkono.

"Nimeharibu?" nikamuuliza.

"Hapana." Akajifuta kwa bega. "Nimefika nchi hii mwaka wa kumi sasa. Nimepikia watu ubatizo, nimepikia misiba, nimepikia wagonjwa. Wewe ndiye wa kwanza kunipikia mimi."

Kisha akamaliza yote, akaniambia mchicha ningeutoa jikoni mapema kidogo.

Nilimpikia majuma matano. Wambui alikuwa ananipeleka kwa gari akitoka darasani, mwisho naye akawa anabaki, anamenya viazi na kusimulia vituko vya wazee wake wa kazini, na nyumba ile ikawa na kelele tena. Siku moja, tukiwa tunaosha vyombo, nilimwambia Wambui ukweli kuhusu yule dada wa kazi. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyo kaka yako akikuja Texas, mimi ndiye nitamtoa airport. Nitabeba hata mabegi." Mama Perpetua alirudi ghalani mwezi uliopita. Wamempa kazi ya kukaa, ya kubandika vibandiko, na analalamika kwamba kukaa kunamchosha.

Hiyo ndiyo habari yangu, Kaka. Usijilaumu hata kidogo kwamba hukunifundisha. Ungenipa mwiko nisingefika hapa. Lakini wanao, yule mkubwa wa kike na huyo mdogo wa kiume, wote wawili, waache wakusogelee jikoni. Watasoma tu. Wape kitunguu kila mmoja.

Na nina swali. Kile kisamvu ulikuwa unakitia karanga kabla au baada ya kukauka maji? Mama Perpetua anasema kabla. Mimi nakumbuka wewe ulikuwa unangoja, lakini nilikuwa nimekaa mbali na kitabu, sikuona vizuri. Uniandikie, tafadhali, hatua kwa hatua, usiseme "mpaka kiive."

Nisalimie wifi Yustina, umwambie vitenge alivyonishonea ndivyo ninavyovaa kanisani, na watu wananiuliza fundi yuko wapi. Msalimie Mama Mkubwa Leonsia, aliyekuwa akituletea maziwa bila kuombwa. Msalimie Mjomba Gervas, umwambie sijaolewa na mzungu, aache kuuliza. Mzee Bilago wa mashine ya kusaga naye, yule aliyekuwa akikutania kuhusu mwiko, msalimie sana, na umsomee barua hii kama una nafasi.

Leo ni Jumapili, saa nane mchana. Wambui amelala, jua limeingia mpaka mezani ninapoandikia, na sahani bado iko pembeni yangu sijaiosha. Nimekula maharage, ugali, mchicha na nusu ya parachichi. Nimepika mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyeshiba,

Anastazia